Bahari Imekula Mpunga Wetu

Kila Jumamosi Dibor Ngom alitwanga uwele kabla jua halijawa kali. Alitwanga na jirani yake Tening, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka. Kazi ilipokwisha alipepeta, akanawa uso, akaenda kusimama mbele ya mama yake bila kusema neno. Mama alijua anachotaka.

"Simu haina chaji," mama alisema.

"Nimeiona dukani kwa Latyr inachajiwa tangu asubuhi, mama."

"Haya, kama unajua kuliko mimi, kaichukue. Ila usinimalizie bando kwa kumtukana mtoto wa watu."

Mtoto wa watu alikuwa Odile Bassene, msichana wa Kijola aliyeishi Casamance, kusini kabisa mwa nchi yetu ya Senegal, huko ng'ambo ya Gambia. Dibor ni Mserer, kama mimi. Sisi Waserer na Wajola ni watani tangu enzi za mababu, na mgeni akitusikia tunasalimiana anaweza kukimbia kuita polisi. Mjola akinikuta sokoni ataniita mtumwa wake mbele ya watu wote. Nami nitamuuliza nani kamruhusu kutoka shambani kwangu. Sisi tunasema wali umewajaa mpaka kichwani. Wao wanasema uwele wetu ni chakula cha ndege. Kukasirika ni mwiko, na mtu akinuna watu wanamshangaa kama aliyevaa nguo ndani nje.

Wasichana hawa wawili walikuwa na utaratibu wao wa kutumiana ujumbe wa sauti. Kwanza habari za wiki, kisha kumbukumbu moja ya likizo, na mwisho kashfa nzuri ya kufungia.

"Mtumwa wangu Dibor," Odile alisema katika ujumbe mmoja, "habari za huku ni kwamba mbuzi wa mwalimu ameingia darasani akatafuna ramani ya Afrika. Ameanzia huko kwenu, nadhani ameona hakuna cha maana. Unakumbuka siku uliyoteleza kwenye tuta ukazama kwenye tope mpaka kiunoni? Kaka zangu wanapaita pale Kaburi la Mserer. Haya, kadonoe uwele wako na kuku wenzio."

Dibor alicheka mpaka akakaa chini. Alisikiliza mara mbili, kisha akajibu kwamba ng'ombe wao amezaa ndama mwenye masikio makubwa na wamempa jina la Odile.

Urafiki huo ulianza likizo ndefu ya mwaka uliopita. Shangazi yake Dibor, anayeitwa Siga, hununua mawese Casamance na kuyauza huku kwetu. Mwaka ule alimchukua Dibor, akamwacha kwa mama yake Odile msimu mzima wa mvua. Dibor alitoka nchi kavu, nchi ya ardhi nyeupe ya chumvi na upepo wa vumbi. Alipofika kule alinyamaza kwa muda mrefu, na Dibor si mtoto wa kunyamaza.

Alichokikumbuka kuliko vyote ni nyumba. Nyumba ya kina Odile ilikuwa kubwa, ya mviringo, na paa lake lilikuwa limeinama kuelekea ndani, na katikati lilikuwa wazi. Siku ya kwanza mvua ilipoanza, Dibor alikimbilia ndani kujikinga, akakuta mvua imemtangulia. Ilikuwa inashuka katikati ya nyumba, nzito na nyeupe, ikijaza kisima kidogo cha udongo, na watu wa nyumba wameketi kuizunguka wakimenya karanga na kuzungumza kama kawaida. Mwanga wa mawingu ulishuka pamoja na maji. Dibor alisimama pale mdomo wazi. Hakuwahi kufikiri kwamba mvua inaweza kukaribishwa ndani kama mgeni.

"We, unalia?" Odile alimuuliza.

"Nani alie? Ni maji ya paa lenu bovu."

Tangu hapo wakawa marafiki.

Sasa mwaka mwingine ulikuwa umefika Oktoba. Uwele wetu ulikuwa umevunwa, ghala zimejaa, shule zimefunguliwa. Jumamosi moja Dibor na Tening waliketi nyuma ya ghala na simu ya mama, wakafungua ujumbe wa Odile. Ulikuwa mfupi.

"Dibor. Bahari imekula mpunga wetu. Tuta kubwa limevunjika, maji ya chumvi yameingia mashamba yote. Ghala litakuwa tupu mwaka huu." Kukawa na kimya kidogo, kama anayetafuta neno jingine. "Basi. Ndizo habari."

Tening alimtazama Dibor. "Ni kweli?"

"Kweli wapi! Mwezi uliopita aliniambia kiboko kamuoa shangazi yake. Hii ni kashfa tu, anataka nimwonee huruma halafu anicheke."

Sina budi kusema kwamba hata mtu mzima angeweza kukosea hapo. Watani hutangaziana misiba ya uongo kila siku. Nimeshaambiwa mimi mwenyewe kwamba nimekufa, nikadaiwa chakula cha matanga yangu. Lakini ujumbe ule haukuwa na kumbukumbu ya likizo wala kashfa ya kufungia, na sauti ya Odile ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Dibor aliyasikia hayo yote, akayapita, kwa sababu Tening alikuwa anamtazama akisubiri jibu kali.

Akabonyeza, akasema, "Eeh, pole sana, mla wali! Bahari ina huruma kuliko mama zenu. Imeona matumbo yenu yanakaribia kupasuka, ikaamua kuwasaidia. Sasa mtajua utamu wa uwele. Njooni na mabakuli, nitawarushia punje mlangoni pamoja na kuku."

Tening alicheka akajipiga mapaja. Dibor alituma.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na ujumbe. Dibor akatuma mwingine, habari za ndama na za mwalimu mpya mwenye sauti ya mbuni. Kimya. Jumamosi nyingine, kimya vilevile.

"Amenuna," Dibor alimwambia mama yake, akirudisha simu kwa hasira. "Mjola anayenuna kwa utani! Basi na mimi simtafuti tena. Kama kuchoka, nimechoka."

Mama alimtazama, lakini alikuwa na moto jikoni na hakuuliza.

Siku ya Alhamisi shangazi Siga akarudi kutoka kusini. Kwa kawaida akirudi huwa anapiga kelele tangu barabarani, akitaka watu waje kushusha madumu. Safari hii madumu yalikuwa machache, na yeye aliingia uani akakaa kwenye mkeka bila hata kuvua kilemba.

"Kuna nini huko, dada?" baba yake Dibor alimuuliza.

"Huko hakuna mpunga, kaka. Bahari imevunja tuta la upande wa mikoko. Nimeyaona mashamba kwa macho yangu. Meupe kama haya ya kwetu."

Dibor alikuwa amebeba kikombe cha maji cha kumkaribisha shangazi. Aligeuka ghafla, maji yakamwagikia miguu.

"Ya kina Odile pia?" aliuliza.

"Ya kina Odile ndiyo ya kwanza, wako karibu na pengo. Wote wako huko wanaziba tuta ili angalau mwaka ujao walime. Wanawake wanapika mizizi. Na Odile..." Shangazi alishusha pumzi. "Odile anapelekwa Dakar. Jumatatu. Kuna mama mmoja huko anatafuta msichana wa kazi za nyumbani. Baba yake anasema tumbo moja likipungua, wadogo watapata zaidi."

"Na shule?"

"Shule gani tena, mwanangu? Mtoto wa kuosha vyombo vya watu asubuhi mpaka jioni anasoma saa ngapi?"

Dibor alipiga magoti pale pale penye maji. Ilimbidi aseme. "Aliniambia, shangazi. Aliniambia, nikamcheka. Nilidhani ni utani."

Shangazi Siga hakumkemea. Sauti yake ilikuwa na mshangao zaidi kuliko hasira.

"Alikwambia kwamba ghala litakuwa tupu? Kwa maneno hayo?"

"Ndiyo."

"Dibor, unajua ghala kwa Mjola ni kitu gani? Miaka yote nimefanya biashara na mama yake, nimekula kwake, nimelala kwake, sijawahi kuambiwa ghala lao lina kiasi gani. Likijaa hawasemi, likiisha hawasemi. Hata jirani hajui. Ni siri ya nyumba kama vile mtu alivyo bila nguo. Hata juzi mimi hawakuniambia neno. Nimejionea mashamba tu. Na mtoto yule alichukua siri hiyo akakupa wewe."

Dibor aliona haya kiasi kwamba hata kulia kulimshinda. Alikuwa amedhani kwamba anazijua habari za rafiki yake zote, mbuzi, ramani na matope. Habari kubwa kuliko zote ilipokuja, aliirushia kuku.

Baba yake alisimama, akaenda kuchungulia ghalani. Mwaka ule Mungu alikuwa ametupa. Aliporudi alisema tu, "Lori la mawese linarudi kusini lini?"

"Kesho alfajiri."

"Basi lisiende tupu."

Walifika Jumamosi asubuhi, Dibor na shangazi yake, na magunia ya uwele nyuma. Nyumbani kwa kina Odile palikuwa na bibi mmoja na watoto wadogo. "Wako kwenye tuta," bibi alisema. Wakaenda huko kwa miguu.

Dibor alikuwa amebaki na picha ya mashamba ya kijani, kijani mpaka macho yanauma. Sasa alisimama ukingoni, akaona mabua yamelala kama nywele zilizolowa, na juu yake utando mweupe wa chumvi unaomeremeta. Ulienea mbali, mpaka kwenye mikoko. Mbingu yote ilionekana ndani ya maji yale yaliyokufa, mawingu na ndege wake. Ilikuwa nzuri na ya kutisha kwa pamoja. Dibor alihisi udogo wake mwenyewe, na akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba wali aliokuwa akiucheka ulitoka kwenye ardhi ambayo watu waliiomba bahari kila mwaka, na bahari ilikuwa imekataa.

Kisha akawaona watu.

Kijiji kizima kilikuwa kwenye pengo. Wanaume walisimama mstari mmoja ndani ya tope, kila mmoja na kayendo, lile jembe lao refu la mti lenye ncha ya chuma, refu kuliko mwenye kulishika. Mmoja alianza wimbo, wote wakapokea. Kwenye neno la mwisho wa kila ubeti majembe yote yalizama pamoja, na mabonge ya tope yalinyanyuka pamoja, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, yakapaa, yakatua juu ya tuta kwa kishindo kimoja. Wanawake na watoto walipita nyuma na vikapu, wakijaza na kukanyaga. Hapakuwa na mashine, wala bosi wa kupiga kelele. Upande mmoja watu wasio na mpunga, upande wa pili bahari nzima, na watu hawakuwa wakiogopa. Dibor alisimama mikono kichwani.

"Funga mdomo, nzi wataingia," sauti ilisema.

Alikuwa Odile. Alikuwa amekonda, tope mpaka mapajani, kikapu kichwani. Hakutabasamu.

"Odile..."

"Umekuja kuangalia huruma ya bahari? Ndiyo hiyo. Angalia vizuri, ukawahadithie wenzio."

"Nilidhani unatania. Nisamehe. Sikukusikiliza. Niliisikia sauti yako na sikuisikiliza, nilitaka Tening acheke."

"Nimekusikia." Odile alipandisha kikapu vizuri. "Sijakasirika. Mtani hakasiriki. Jumatatu ninaondoka, na simu ni ya mama, kwa hiyo hutanisumbua tena." Akaenda zake. Dibor angependa mara mia atukanwe kuliko kuambiwa hivyo.

Watu walipopumzika kula, shangazi Siga alimwendea baba yake Odile, Etienne Bassene, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alizungumza naye kwa adabu zote, mbele ya wazee.

"Shemeji, tumesikia habari, tumesikitika. Kaka yangu ametuma magunia machache. Si kitu kikubwa. Na tunakuomba, ikikupendeza, umfikirie tena huyu binti na masomo yake."

Etienne aliinama kidogo. "Mwambie kaka yako nimeshukuru sana. Lakini rudini nayo. Sisi tuna chakula."

Kila mtu pale alijua kwamba hawana. Hakuna aliyepepesa jicho. Kumbishia ni kumwambia mbele ya kijiji kwamba ghala lake ni tupu.

Dibor alimwona Odile amesimama nyuma ya baba yake, akitazama chini. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Hapo ndipo alipoelewa kosa la shangazi yake: alikuwa amekuja kama mgeni mwema, na mgeni mwema anaweza kukataliwa. Dibor aliingia ndani ya tope mbele ya wanaume wote, akashika kiuno.

"Nani kakuuliza kama una chakula?" alisema kwa sauti kubwa. "We Etienne Bassene! Mtumwa wangu, tena mtumwa mvivu! Nimekuachia shamba langu ulinde, nimegeuka kidogo tu, umeliachia bahari!"

Shangazi Siga alishika mdomo. Wanaume waliacha kutafuna. Mzee mmoja kule mwisho akaanza kucheka polepole, maana alikuwa ameshaelewa.

"Hii si zawadi," Dibor aliendelea. "Mimi na mtumwa wangu wapi na wapi na zawadi? Ni amri. Utakula uwele mpaka mpunga wangu uote tena, utaudonoa kama kuku, na husemi neno. Na huyu Odile pia ni wangu. Nani kakwambia umtoe mali yangu uipeleke Dakar? Nataka asome, aje anihesabie magunia yangu. Nimesema!"

Nanyi mnaosoma mbali na kwetu jueni hili: amri ya mtani haikataliwi. Awe mtoto au mzee, haikataliwi, na anayeitii hapungukiwi heshima hata kidogo, kwa kuwa hajaomba wala hajapewa. Ameamriwa tu.

Etienne Bassene alimtazama yule mtoto aliyezama kwenye tope mpaka magotini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka huku machozi yakichirizika waziwazi, na hakuyafuta.

"Wazee, mmesikia wenyewe," alisema. "Mserer huyu ni mkatili, lakini nifanyeje? Nimeamriwa. Odile!"

"Naam, baba."

"Kavitoe vitu vyako kwenye lile begi. Jumatatu unaenda shule."

Kelele zilizopigwa pale ziliwarusha ndege mikokoni. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yake Odile alikaa chini juu ya tuta, akafunika uso kwa kanga yake.

Kelele zilipopoa, Etienne aliwaita wasichana wote wawili, akawasimamisha mbele yake, naye akatua jembe lake chini.

"Dibor, umeniokoa na kiburi changu, na ninakushukuru. Ila nitakwambia pia lililo kweli. Ulimwumiza mwanangu. Wazee wetu hawakutupa utani ili tusisikilizane. Walitupa ili tuweze kuambiana yale ambayo hayasemeki kwa mtu mwingine. Rafiki akikupa habari zake, za mbuzi au za msiba, sikiliza kwanza sauti yake, ndipo uchague kucheka. Na wewe Odile, mtu akikosa akaja mpaka hapa kusema nimekosa, usimjibu kwa ubaridi ukajidai hukukasirika. Ulikasirika. Mwambie, yaishe."

Odile alimgeukia Dibor. "Nilikasirika," alisema. "Nilizima simu nikalia siku nzima."

"Najua," Dibor alisema. "Nisamehe, Odile."

Nyuma yao maji yalikuwa yameanza kupanda tena kupitia mikoko, kimya kimya, yakifuata pengo, na wanaume walikuwa wanarudi kwenye mstari na majembe yao. Odile akakiinua kikapu chake kilichojaa tope, akakiweka juu ya kichwa cha Dibor, shingo ya Dibor ikazama kidogo.

"Beba, mtumwa wangu," alisema. "Twende haraka, bahari inarudi."